Ni Nani Amletaye Simba Kijijini?

Ndugu msomaji, kila zinapokuja habari kwamba simba amemwua mtu huko Rufiji au Lindi, ama ameruka zizi huko Simanjiro na kuangusha ng'ombe, mazungumzo ya mjini huwa ni yale yale. Katika basi la kwenda kazini mmoja atasema kwamba simba wamezidi mno, heri wote wapigwe risasi. Wa pili atasema kwamba simba akiisha kuonja damu ya binadamu haachi tena. Wa tatu atashusha sauti na kusema kwamba huyo si simba wa porini hata kidogo. Huyo ni simba wa kutumwa. Basi litafika kituoni, kila mtu atashika njia yake, na swali la msingi litakuwa halikuulizwa: je, simba huyo alikuwa akila nini juzi na mwaka jana, na chakula chake hicho kimekwenda wapi?

Swali hilo si la wataalamu wa wanyama peke yao. Wewe uliye mfanyakazi wa kiwandani, karani wa ofisini au mama wa nyumbani hapa mjini, huenda unaye mzazi, mjomba au shangazi ambaye majira ya mavuno hulala shambani akilinda mahindi. Huenda una ng'ombe wawili uliowaacha kwa ndugu yako ili siku moja wakulipie karo ya mtoto. Maisha ya mzazi huyo na ya ng'ombe hao yamefungamana na mlo wa simba kuliko tunavyodhani. Makusudi ya makala hii ni kueleza jambo moja: tabia ya mnyama mkali haitokani na ukali wake tu, bali hutokana zaidi na chakula anachokikuta mbele yake, na chakula hicho, kwa sehemu kubwa, ni sisi binadamu tuliokipunguza, tuliokiongeza au tuliokihamisha.

SIMBA SI SHUJAA, NI MWENYE HESABU

Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni simba ni mfalme asiyeogopa kitu. Huko mwituni mambo sivyo yalivyo. Teke moja la punda milia laweza kuvunja taya la simba, na simba mwenye taya lililovunjika amekwisha kuhukumiwa kufa kwa njaa. Pembe ya nyati yaweza kumpasua tumbo. Kwa hiyo simba, kabla ya kushambulia, hutazama kwanza: ni nani aliye peke yake, ni nani mgonjwa, ni nani aliyegeuza uso upande wa pili. Wahenga waliosema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama walikuwa wamemtazama sawasawa. Simba hatafuti vita; atafuta chakula kingi kwa hatari ndogo.

Tazama Serengeti. Nyumbu zaidi ya milioni moja, wakifuatana na punda milia na swala kwa malaki, huzunguka mwaka mzima wakiandama mvua na majani mabichi. Simba hawezi kuandamana nao daima, kwa maana kila kundi la simba lina eneo lake la kulilinda, na majike wana watoto wachanga. Nyumbu wanapokuwa karibu simba hushiba na kulala. Wanapoondoka, simba wale wale hulazimika kuwafukua ngiri mashimoni, kuwavizia kongoni na hata kuthubutu kumkabili nyati. Mtaalamu George Schaller, aliyefanya uchunguzi Serengeti toka mwaka 1966 hadi 1969 na kuandika kitabu mashuhuri juu ya simba hao mwaka 1972, aliona jinsi watoto wa simba wanavyokufa kwa njaa, kwa kuwa chakula kikiwa kidogo wakubwa hula kwanza. Alipokwenda Manyara, ambako simba wanasifika kwa kupanda miti, aliwakuta wakiishi hasa kwa nyama ya nyati, mnyama ambaye dume lake laweza kufikia kilo 700. Simba wa Manyara hakuzaliwa na ujasiri kumshinda wa Serengeti. Nyati ndiye aliyekuwapo.

Basi tushike kanuni hii tunapoendelea: simba ni yule yule, kinachobadilika ni sahani.

SOTOKA NA SIMBA WA TSAVO

Hapana kisa cha simba wala watu kilichoenea duniani kuliko kile cha Tsavo, nchini Kenya, mwaka 1898. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilikuwa imefika mto Tsavo, na mhandisi John Henry Patterson alikuwa akisimamia ujenzi wa daraja. Simba wawili madume wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa wafanyakazi mahemani usiku. Kazi ilisimama, watu walikimbia. Patterson alimwua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba mwaka huo huo. Yeye mwenyewe aliwahesabu wafanyakazi 28 kutoka Bara Hindi waliouawa. Waafrika waliouawa hawakuandikwa popote.

Simba hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Miaka michache kabla yake ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki ukitokea kaskazini, ukafyeka ng'ombe wa wafugaji na kuwamaliza nyati wa porini. Kwa pigo moja simba wa nyika waliondolewa mawindo ya mwituni na ya zizini. Wakati huo huo ikafika kambi ya mamia ya watu wanaolala katika mahema ya turubai, kwenye kichaka kinene, kando ya njia ya kale ya misafara. Kwa simba mwenye njaa hiyo ilikuwa sahani mpya.

Ngozi na mafuvu ya simba hao yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago tangu miaka ya 1920, nayo yameendelea kutoa ushahidi. Mwaka 2009 wataalamu walipima alama za chakula zilizobaki katika mifupa na manyoya, wakakadiria kwamba simba hao wawili walikula watu wapatao 35: mmoja kama 24, mwenzake kama 11. Yule aliyekula zaidi alikuwa na jino la chonge lililovunjika, na maumivu makali mdomoni. Mwaka 2024 wataalamu wengine walichunguza nywele zilizokwama katika matundu ya meno yao, wakakuta nywele za twiga, choroa, kuro, nyumbu na punda milia, pamoja na za binadamu. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hata simba hao walioitwa mashetani hawakuwa wameacha nyama ya porini. Waliendelea kuitafuta kila walipoweza, na binadamu alijaza pengo. Hadithi ya kwamba simba akionja mtu hataki tena kitu kingine haikupata ushahidi katika meno ya wale wawili.

NGURUWE HUTANGULIA, SIMBA HUFUATA

Sasa turudi kwetu, tena karibu kabisa na Dar es Salaam. Mwaka 2005 wataalamu wanne, miongoni mwao Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, wakiwa pamoja na Craig Packer na Hadas Kushnir, walichapisha matokeo ya uchunguzi yaliyowashtua wengi. Toka mwaka 1990 hadi 2004 simba waliwaua Watanzania wasiopungua 563 na kuwajeruhi wengine zaidi ya 300. Wengi wa waliopatwa hawakuwa karibu na Serengeti wala Ngorongoro, ambako watalii huenda kuwatazama simba. Walikuwa wakulima wa kusini mashariki, katika wilaya kama Rufiji na Lindi.

Kwa nini huko? Serengeti ina simba wengi, lakini pia ina nyumbu wengi. Katika wilaya zile za kusini mashariki, wanyama ambao simba huwategemea, kama vile punda milia, kongoni na swala, wamepungua sana. Mapori yamegeuzwa mashamba, na wanyama wenyewe wamekwisha kwa mitego na bunduki. Mnyama mmoja tu amestawi, naye ni nguruwe mwitu. Huyu hutembea usiku, hujificha mchana katika vichaka, na hupenda mihogo, mahindi na karanga kuliko mizizi ya porini. Shamba la mkulima kwake ni karamu. Tena katika sehemu hizo, ambako Waislamu ni wengi, nyama yake hailiwi. Hivyo wakati swala na kongoni walipokuwa wakiishia chunguni, nguruwe alibaki akizaana.

Hebu fuata mnyororo huo, ndugu msomaji. Nguruwe anakuja shambani usiku kula mihogo. Mkulima, ambaye shamba hilo ndilo ghala lake la mwaka mzima, hawezi kulala nyumbani. Anajenga dungu la miti na makuti katikati ya shamba, analala humo pamoja na mkewe na watoto, akipiga debe na kuwasha moto ili kumfukuza mwizi. Simba, ambaye hana tena kongoni wala punda milia, anamfuata nguruwe. Anafika shambani. Nguruwe ana mbio na meno makali. Aliyelala dunguni hana mbio wala meno. Mwenye njaa hana miiko. Ndiyo maana mashambulio mengi katika uchunguzi ule yalitokea kati ya Machi na Mei, msimu wa mavuno, wakati watu wengi wanapolala mashambani. Mkulima aliyekwenda kulinda chakula chake anakuwa yeye mwenyewe chakula.

Ni kweli kwamba wapo simba wenye kilema. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004 simba mmoja dume aliwaua watu 35 wilayani Rufiji, umbali usiozidi siku moja ya safari kutoka Dar es Salaam. Alipouawa alikutwa bado kijana, naye alikuwa na jipu kubwa chini ya jino la gego. Bila shaka alikuwa akiumwa kila alipouma mfupa. Lakini watu 563 hawakuuawa na jino moja. Simba mwenye jino bovu akizungukwa na wanyama wa porini atahangaika nao. Akizungukwa na mashamba, nguruwe na madungu, atafuata njia iliyokwisha kuchongwa mbele yake.

Uchunguzi mwingine, uliofanywa katika vijiji vya Rufiji na Lindi na kuchapishwa mwaka 2010, ulilinganisha vijiji vilivyoshambuliwa na visivyoshambuliwa. Vile vilivyoshambuliwa vilikuwa na nyumba na vibanda dhaifu zaidi, watu wake walitembea mbali zaidi kutafuta mahitaji yao, walilala nje siku nyingi zaidi, na waliwaona nguruwe mara nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, simba alipata nafasi pale umaskini ulipokwisha kumwachia mlango wazi.

GIZA LILILO BAADA YA MBALAMWEZI

Lipo jambo jingine ambalo kila mwenye ndugu kijijini angefaa alijue, maana halihitaji fedha wala bunduki. Simba huwinda vizuri zaidi gizani. Usiku wa mbalamwezi, wa kumi na nne au kumi na tano, nyumbu na swala humwona angali mbali, naye hulala na njaa. Siku zinazofuata mwezi huchelewa kutoka. Jua linapokuchwa giza huwa nene kwa saa moja, mbili au zaidi, na simba aliyekosa chakula siku kadhaa huingia katika giza hilo akiwa na tumbo tupu. Saa hizo hizo binadamu bado yuko nje: anatoka kisimani, anatoka kilabuni, anapika uani, anakwenda chooni.

Kati ya mwaka 1988 na 2009 Watanzania zaidi ya 1,000 walishambuliwa na simba. Wataalamu walipoyalinganisha mashambulio hayo na kalenda ya mwezi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba hatari kubwa zaidi ilikuwa katika siku zile zinazofuata mwezi mpevu, hasa kati ya magharibi na saa nne za usiku. Mwezi mpevu wenyewe hauna ubaya. Ni onyo kwamba giza linakuja. Hapa napo, ndugu msomaji, ni mawindo ya porini yanayoamua saa ya simba. Swala akimwona simba, binadamu ndiye atakayelipa baadaye.

MASIKA YA SIMANJIRO

Tumezungumza juu ya wakulima. Tuwaendee sasa wafugaji, ambako sahani ya simba ina kitu kingine juu yake: ng'ombe.

Mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire yametandazwa mabonde na nyika za Simanjiro, nchi ya Wamaasai. Wakati wa kiangazi wanyama wa porini hukusanyika kando ya mto Tarangire, kwa kuwa maji mengine yamekauka. Wamekonda, wana kiu, na simba huwasubiri hapo hapo mtoni. Mvua zikianza, nyumbu na punda milia hutoka hifadhini na kutawanyika Simanjiro kutafuta majani yenye chumvichumvi za kuwafaa majike wanaozaa. Simba wengine hutoka nao. Lakini sasa mawindo yametawanyika, yamenenepa na yana nguvu. Kumkamata mmoja ni kazi ngumu. Na katika nyika ile ile yumo ng'ombe wa Mmaasai.

Ng'ombe ni mnyama aliyesahaulishwa woga. Kwa maelfu ya miaka binadamu amemchagua yule mpole, asiyekimbia wala kupiga pembe. Hupita njia ile ile asubuhi na jioni, na usiku hufungiwa mahali pamoja akitoa sauti na harufu inayofika mbali. Hivyo haishangazi kwamba Kissui, alipochunguza vijiji vya nyika hiyo, aliona mashambulio ya simba na fisi dhidi ya mifugo yakiongezeka pamoja na mvua. Hali kadhalika imeonekana katika ranchi zinazopakana na Tsavo. Wengi wetu tungedhani kwamba kiangazi ndicho kipindi cha hatari kwa zizi. Kinyume chake, masika, wakati mfugaji anaposhukuru kwa majani mabichi, ndipo simba anapobisha hodi.

Wanyama wakali hawafanani katika jambo hili. Simba hupenda ng'ombe mkubwa, na akiisha kumwua hukaa karibu na mzoga wake akiulinda. Fisi na chui huchukua mbuzi, kondoo, ndama na mbwa, kisha hutoweka gizani. Matokeo yake ni kwamba morani wanapotoka kulipiza kisasi humkuta simba, ingawa huenda fisi ndiye aliyewasumbua mara nyingi zaidi. Na pale kisasi kinapofanywa kwa sumu iliyotiwa katika mzoga, hakichagui: atakufa simba, atakufa fisi, watakufa tai wanaosafisha nyika, na mbwa wa mwenye zizi vile vile.

Mnyama naye hujifunza. Huko Laikipia, Kenya, ambako simba walivalishwa vifaa vya kuonyesha nyendo zao, imeonekana kwamba mchana hukaa mbali na maboma, na usiku husogea karibu, tena kwa mwendo wa haraka. Huko Talek, pembeni mwa hifadhi ya Maasai Mara, fisi waliochunguzwa kwa miaka mingi walibadili ratiba yao mifugo ilipoongezeka mchana: walizidi kutembea usiku na kujificha vichakani. Kwa hiyo ng'ombe wetu na mchungaji wake wamekuwa kama saa ya ukutani ambayo wanyama wa porini huitazama kabla ya kutoka.

FISI NA MFUNGO

Kama msomaji bado ana shaka kwamba binadamu ndiye mpangaji wa sahani hiyo, na asikie kisa cha Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Katika nchi hiyo yenye watu wengi wanyama wa porini wa kuliwa na fisi karibu wamekwisha kabisa. Hata hivyo fisi wapo tele, wakiishi kwa mabaki ya machinjioni, mifupa ya majalalani na mizoga ya mifugo. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la huko, kabla ya Pasaka, hufunga siku 55 bila kula nyama wala maziwa. Bucha hufungwa. Jalala halina mfupa.

Watafiti wakiongozwa na Gidey Yirga wa Chuo Kikuu cha Mekelle walichunguza kinyesi cha fisi kabla ya mfungo, wakati wa mfungo na baada yake, wakihesabu nywele za wanyama walioliwa. Kabla ya mfungo nywele za punda zilikuwa karibu 15 katika kila mia. Wakati wa mfungo zilipanda hadi 33. Mfungo ulipokwisha na bucha kufunguliwa, zikashuka hadi 22. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Fisi hajui kanisa wala kalenda. Lakini binadamu alipoacha kula nyama, punda ndiye aliyelipa. Ukiwa na punda huko Tigray, yakupasa umfungie ndani katika mfungo kuliko siku nyingine.

BASI TUFANYE NINI?

Watu wengine watasema: wauawe wote, shida iishe. Nchi yetu inaaminika kuwa na simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na hazina hiyo ina faida zake kwa taifa. Lakini hata tukiacha faida hizo, kumwua simba pasipo kugusa nguruwe, dungu na pori lililokauka wanyama ni sawa na kukata moshi na kuacha moto. Simba mwingine atafuata njia ile ile. Serikali imeweka kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi tangu mwaka 2011 kwa wanaopata hasara kwa wanyama wakali. Ni jambo la utu. Hata hivyo kifuta machozi hufika machozi yakiwa yamekwisha kumwagika.

Yapo yanayowezekana kabla ya hapo. Mashamba yakilimwa kwa kupakana, yakazungushiwa mitaro na uzio, na wakulima wakalinda kwa zamu kwa makundi badala ya kila familia peke yake, nguruwe hupungua na dungu la upweke halihitajiki. Palipo na nguruwe wengi kupita kiasi, kijiji kina haki ya kuwaita maofisa wa wanyamapori waje kuwapunguza; mtu asidhani kwamba huo ni ugomvi wa mihogo tu. Kila nguruwe apunguaye shambani ni sababu moja pungufu ya simba kufika.

Kwa wafugaji, Simanjiro imetoa mfano mzuri. Huko mazizi mengi yamezungushiwa kile kinachoitwa kuta hai: miti ya jamii ya manemane hupandwa karibu karibu kuzunguka zizi, na wavu wa waya hufungwa juu yake. Miti huota, hukua na kuwa nguzo zisizooza, na kadiri miaka inavyopita ukuta huzidi kuimarika badala ya kuchakaa. Boma la miiba mikavu lahitaji kukarabatiwa mara kwa mara. Hili linakua lenyewe. Tena mifugo malishoni isiachiwe watoto wadogo, hasa masika, kwa maana mchungaji mtu mzima mwenye macho ni kinga ambayo simba huihesabu.

Na sisi wa mjini? Kazi yetu ni mbili. Ya kwanza ni kuhusu chungu chetu. Nyamapori inayouzwa kwa kificho mitaani ni ya swala au kongoni aliyeondolewa kwenye sahani ya simba na kuletwa kwenye yetu. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha zenye leseni kuuza nyamapori. Atakaye ale ya huko, ambayo imehesabiwa na kukaguliwa. Anayenunua ya gizani asifikiri kwamba deni limeishia kwake. Mtu fulani, katika dungu fulani, atadaiwa.

Kazi ya pili ni kuhusu wazee wetu. Unapopata nauli ya kwenda nyumbani mwishoni mwa mwaka, au unapotuma fedha kidogo, fikiri pia juu ya mlango. Mlango wa mbao wenye komeo, choo kilicho karibu na nyumba, taa ya kutembea nayo, kisima kisicho mbali: hivyo ndivyo vitu vinavyompunguzia simba nafasi. Waambie wazee wasitoke peke yao jioni katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Na ukisikia kijijini kwamba simba aliyeua ni wa kutumwa na mzee fulani, usishiriki. Maneno ya namna hiyo humgeuza jirani asiye na hatia kuwa adui, na wakati watu wanapomtafuta mchawi, nguruwe anaendelea kula mihogo na simba anaendelea kumfuata.

Simba hana kinyongo nasi, wala hana mapenzi. Huenda palipo na chakula, kwa saa iliyo salama kwake, kwa njia aliyofunguliwa. Njia hiyo tukiisha kuijua, tunao uwezo wa kuifunga: kwa kuwaacha swala wakae porini, kwa kumwondoa nguruwe shambani, kwa kulijenga zizi imara, na kwa kuhakikisha kwamba mama yetu, msimu ujao wa mavuno, analala nyuma ya mlango uliofungwa.